Jina la Babu Yake

Siku ya tatu baada ya Tsona kujifungua, mkunga Mitra alimbeba mtoto, amefungwa nguo kama mkate uliotoka tanurini, akatoka naye uani kabla jua halijavuka kilima, akamtupa barabarani.

Nasema kumtupa kwa sababu ndivyo tunavyosema hapa Rosnik. Mtoto hulazwa njia panda, mtu wa nyumbani hujificha karibu, na mpita njia wa kwanza, awe tajiri au mwombaji, humwokota. Aliyemwokota ndiye atakayemshika kanisani siku ya ubatizo, na ndiye atakayempa jina. Wazazi hawana usemi. Hayo hufanyika katika nyumba ambamo watoto hawakai. Kifo kikija kumtafuta mtoto wa Tsona, kitaambiwa mtoto wa Tsona alishatupwa, huyu aliyepo ni wa kuokotwa, kiende zake.

Na kwa Tsona watoto hawakukaa. Wa kwanza aliishi siku kumi na moja. Wa pili mwaka mmoja na miezi minne. Wote wawili waliitwa Radoy, jina la babu yao, maana kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume hulifufua jina la babu wakati babu yuko hai, alione likikimbia uani. Wa kwanza alipokufa jina lilirudi kwa mzee likiwa jipya, halijatumika, akapewa wa pili. Wa pili alipokufa lilirudi tena.

Mzee Radoy alikuwa mwashi, na jina lake alilipenda kuliko mke wake marehemu, ndivyo mke wake mwenyewe alivyokuwa akisema. Alilichonga juu ya mlango wa nyumba, kwenye shinikizo la zabibu, kwenye chemchemi aliyoijengea mawe pale njia panda. Ni jina lililobeba furaha. Hata mtoto wa kwetu anaisikia furaha ndani yake. Katika ukoo huo lilipishana na Ilko kama meno ya msumeno: Radoy mwana wa Ilko, Ilko mwana wa Radoy, hadi mahali ambapo hakuna aliyebaki wa kukumbuka. Ndugu zake wawili vita viliwachukua. Hapakuwa na nyumba nyingine ambamo jina hilo lingeweza kwenda kuishi.

Misalaba miwili midogo ya makaburini aliichonga yeye pia. Hakumruhusu mtu mwingine. Alilichonga jina lake mwenyewe mara mbili, kwenye mawe yenye urefu wa mkono wake.

Tsona alikuwa mkwe wa nyumba ile, na mkwe wa kwetu hapingani na baba wa mumewe. Lakini usiku wa uchungu, alipokuwa ameung'ang'ania mkono wa Mitra, alisema, "Bibi Mitra, asiitwe Radoy. Mwiteni jiwe, mwiteni gogo. Asiitwe Radoy."

"Sukuma kwanza," alisema Mitra. "Gogo halijatoka."

Asubuhi Mitra alikwenda kwa mzee aliyekuwa akinoa patasi, akayazungusha maneno kama mtu anayemzunguka ng'ombe mkali. Kwamba mkono wa ukoo wa wasimamizi wa ubatizo, uliowashika wale wawili kanisani, umekuwa mzito, una mkosi. Kwamba wenyewe wamekiri hivyo, wamekubali kujitoa, wamepokea mkate na chupa ya pombe ya plamu bila kinyongo. Kwamba barabara itafute mtu mwingine.

"Sawa," alisema mzee.

"Na jina?" aliuliza Mitra.

"Jina atalitoa aliyeokota. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo desturi." Mitra alimtazama usoni. "Mbona umekubali upesi? Umekula nini leo?"

"Nitakwenda nawe kulinda."

"Kulinda ni kazi ya wanawake."

"Na goti lako? Mbwa akija kumnusa mtoto, utamfukuza kwa kumtukana?"

Basi siku ya tatu wakaenda wawili. Mitra alipomwona mzee anatoka nyumbani, alielewa kila kitu. Alikuwa amenyoa. Alivaa kizibao cha sikukuu, kile chenye nyuzi nyeusi kifuani, na kofia ya manyoya mpya.

"Umependeza," alisema Mitra. "Unaoa?"

"Tembea."

Hila yake ilikuwa rahisi, na wazee wengi kabla yake walikwisha kuitumia. Mtu anayeokota mtoto wa watu huogopa kutoa jina litakaloichukiza nyumba. Akimwona babu amesimama pale, msafi, kofia mkononi, kwa adabu atamuuliza: wewe babu unaitwa nani? Na akiambiwa, kwa adabu atampa mtoto jina hilo hilo. Desturi haijavunjwa. Barabara imesema. Mkwe hana la kusema.

Mitra alimlaza mtoto juu ya kitambaa chini ya chemchemi, akamwekea kifuani shada la mrehani lililofungwa uzi mwekundu. Kisha akajikunja nyuma ya kichaka, goti lake likilia kama bawaba. Mzee alibaki amechuchumaa ili asichafue suruali.

Alfajiri hiyo ilikuwa ya ukungu na harufu ya plamu zilizokuwa zikikaushwa vijijini. Hakupita mtu. Baada ya muda walitokea mabata bukini sita wa mjane mmoja wa kule chini, wakiwa wamejipanga, wakaja moja kwa moja hadi penye mtoto, wakasimama wakamtazama.

"Kama bata ndiye atakayembatiza," alinong'ona Mitra, "mimi nahama Rosnik."

"Nyamaza."

"Atakuwa Mkristo wa kwanza mwenye jina la kelele."

Mzee aliokota kijiwe akawatupia. Mabata wakaondoka wakilalamika. Ndipo kengele ya punda ikasikika upande wa kilimani.

Alikuwa mwanamke mnene, uso mwekundu, skafu imefungwa nyuma ya shingo kama wanavyofunga watu wa ng'ambo ya kilima. Punda wake alikuwa amebeba mitungi na vyungu vilivyozungushiwa majani makavu. Alisimama, akajifanyia ishara ya msalaba.

"Simama, wewe," alimwambia punda. "Tumepata abiria."

Aliinama, akamnyanyua mtoto kwa mikono miwili iliyozoea vitu vinavyovunjika. Akamnusa kichwani. Mzee Radoy akachomoka kichakani mapema mno. Mitra aliushika ukosi wa kizibao, ukamponyoka.

"Umeokota, mama," alisema mzee, kofia mkononi. "Ni wako."

"Naona. Na wewe umechipuka kutoka ardhini au una nyumba?"

Mitra akaja akichechemea na mkate, akamkabidhi kama inavyotakiwa. Mwanamke alisema anaitwa Nedelya, muuza vyungu, na kwamba hakuwahi kumbatiza mtoto wa mtu, kwa kuwa watu humwomba mtungi tu.

"Wangapi kabla yake?" aliuliza.

"Wawili," alisema Mitra.

Nedelya aliacha mzaha kidogo. Alimfunika mtoto vizuri zaidi, ingawa alikuwa amefunikwa vizuri.

"Nitambatiza Jumapili hii hii. Tusimcheleweshe. Sasa, jina. Ningempa la mume wangu marehemu, lakini alikuwa mlevi, sitaki kumfungulia mtoto njia." Aligeuka. "Wewe mzee wangu, ndiye babu?"

"Ndimi."

"Miaka mingapi?"

"Sabini na miwili."

"Meno?"

"Kumi na moja."

"Mazuri. Miguu?"

"Imenileta hapa."

"Basi jina lililokufikisha huku lina nguvu. Nitampa hilo. Unaitwa nani?"

Mitra alifumba macho. Hilo ndilo swali ambalo mzee alikuwa amelinyolea ndevu.

Yaliyompata mzee pale alimsimulia Mitra peke yake, na Mitra alikaa nayo miaka mingi kabla ya kuyasema. Alifungua kinywa. Jina lilikuwa limekaa tayari juu ya ulimi. Na kabla halijatoka alijisikia mwenyewe akilitamka, si pale, bali uani kwake, wakati wa plamu, miaka miwili nyuma: Radoy, njoo! Njoo kwa babu! Alikuwa amechuchumaa, mikono wazi. Na yule mtoto aliachia gurudumu la mkokoteni alilokuwa amelishika, akapiga hatua tatu, akamwangukia kifuani. Tangu walipomzika, mzee hakuwa amelitamka jina hilo akimwita mtu. Ndipo akajua alikuja pale chemchemini kumwita nani. Si huyu. Huyu mwenye uso uliokunjwa kama ngumi, ambaye hajamwendea mtu yeyote bado kwa hatua hata moja, alikuwa anakaribia kuvikwa koti la marehemu, na wa kumvika alikuwa yeye babu yake, amevaa kizibao cha sikukuu.

"Mzee?" alisema Nedelya. "Umesahau?"

"Zapryan," alisema mzee. "Naitwa Zapryan."

Mitra alikohoa mpaka punda akageuza kichwa.

"Zapryan!" Nedelya, asiyejua kusoma yaliyochongwa kwenye chemchemi, alifurahi. "Lo, la zamani hilo. Siku hizi halisikiki. Haya, Zapryan."

Kwa wasiolijua: jina hilo linatokana na kuzuia, kukisimamisha kitu kisiendelee. Enzi za tauni palikuwa na mwanamke hapa Rosnik aliyezika watoto sita. Wa saba alipozaliwa hakumtafutia jina la mtakatifu wala la babu. Alisema: Zapryan. Ikomee hapa. Napenda majina ya namna hiyo. Hayaombi kitu, yanaamuru; mwanamke aliyebakiwa na sauti tu aliitumia sauti yake kukiamrisha kifo kisimame mlangoni, na kifo, kwa mara moja, kilisikia. Huyo Zapryan aliishi hadi akawachosha wakwe zake. Alikuwa babu wa mama yake mzee Radoy, na Radoy akiwa mdogo alishikwa mkono naye kwenda kuangalia mizinga ya nyuki. Baadaye watu wakaanza kuona aibu. Jina kama hilo lilitangaza kwamba nyumba yenu iliwahi kujaa misiba. Wakaenda kwenye majina ya kalenda ya kanisa, kisha kwenye majina ya magazeti. Zapryan likabaki bila mtu.

Nedelya alipowarudishia mtoto na kuendelea na punda wake, Mitra alimgeukia mzee njiani.

"Umedanganya," alisema, "mbele ya mkate."

"Nimedanganya."

"Wewe, uliyebomoa ukuta mzima wa shule kwa sababu umepinda unene wa kidole."

"Mitra, nitakubomoa na wewe."

"Nitamwambia Tsona. Apumue."

Lakini wote wawili walijua hawezi. Jina likifika masikioni mwa mama kabla ya maji ya ubatizo, limeharibika, na yote yaliyofanywa njia panda ni bure. Tsona alipaswa kusubiri hadi Jumapili.

Na Tsona alikuwa ameona kizibao. Alikiona dirishani kikitoka, akakiona kikirudi. Mumewe Ilko, mtu mwema asiyejua kuficha wala kugundua kitu, alimwambia kwa furaha kwamba baba alizungumza na mama wa ubatizo yeye mwenyewe, na kwamba mama huyo alimuuliza jina lake.

"Alimuuliza," alisema Tsona.

"Ndiyo! Ni mwanamke mwenye adabu sana."

Tangu saa hiyo Tsona alimnyonyesha mtoto akitazama ukuta. Alimsafisha, alimfunga, alimbembeleza, yote kwa mikono. Macho hakuyapeleka. Wawili wa kwanza aliwatazama mpaka akazijua kope zao moja moja, na sasa hakuwa na mahali pa kuzipeleka kope zile.

Mitra alikuja Ijumaa na supu ya kuku, akaona.

"Mtazame mwanao."

"Nitamtazama Jumapili, bibi."

"Anakutazama yeye."

"Asinizoee. Niambie kitu kimoja tu."

"Sina ruhusa, mwanangu. Kunywa supu."

Mzee alikuwa upande wa pili wa mlango na kuni mikononi. Alisikia. Alisimama hapo na zile kuni mpaka mikono ikafa ganzi, halafu akaziweka chini polepole, kama zina usingizi, akaondoka.

Jumapili kanisa lilijaa. Habari ya mtoto wa chemchemi ilikuwa imefika hata kwa wasiosali. Nedelya alikuja na skafu mpya, shati jeupe la mtoto, na mtungi mkubwa wa zawadi ambao alimkabidhi kila mtu kwa zamu amshikie. Mama wa mtoto kwetu haendi kanisani kabla ya siku arobaini, kwa hiyo Tsona alibaki nyumbani peke yake na sufuria.

Padri alifika mahali pa kuuliza. Mtumishi wa Mungu aitwe nani?

"Zapryan," alisema Nedelya kwa sauti ya sokoni. "Kwa jina la babu yake."

Padri aliinua macho kutoka kitabuni, akamtafuta mzee Radoy kwenye safu ya wanaume. Alikuwa amemzikia wajukuu wote wawili. Mzee alisimama wima, masikio mekundu, akitazama mbele kama askari anayesubiri hukumu. Mwimbaji mzee aliyekuwa karibu na padri, mtu aliyependa mambo yawe sahihi, aliinua kidole.

"Samahani, baba padri, lakini babu yake ni Ra..."

Padri alianza kuimba. Aliimba kwa nguvu ambayo hakuna aliyeijua kwake, wimbo ambao zamu yake haikuwa imefika, na waumini, kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiji chetu, wakaitikia wote kwa pamoja. Mwimbaji alishusha kidole. Maji yakamwagwa. Mtoto akapiga kelele, na kila mtu akakubaliana kwamba mapafu yake ni mazuri.

Tsona alisikia nyayo zinakuja. Aliisogeza sufuria pembeni ya moto. Akasimama katikati ya chumba, mikono ndani ya aproni. Nedelya aliingia kwanza na mtoto, nyuma yake Ilko na mtungi, Mitra na goti lake, na mwisho kabisa mzee, aliyebaki karibu na mlango kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

"Mama," alisema Nedelya, kama asemavyo kila aliyebatiza, "nilikuokotea kiumbe asiye na jina. Nakuletea Mkristo."

"Asante, mama wa ubatizo. Anaitwa nani?"

"Jina la babu yake."

Tsona alifumba macho. Mikono ilibaki ndani ya aproni, na mtoto alibaki hewani katikati ya wanawake wawili.

"Zapryan," alisema Nedelya. "Mchukue basi, mkono wangu unauma!"

Tsona akafumbua macho. Hakumtazama mtoto kwanza. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa akichunguza buti zake kana kwamba amezivaa za mtu mwingine.

"Zapryan nani?" aliuliza Ilko. "Babu gani huyo?"

"Baba yako, mjinga wewe," alisema Mitra. "Umeanza kusahau jina la baba yako? Weka huo mtungi chini kabla hujauvunja."

Ilko alifungua kinywa, akamtazama mkewe, akakifunga. Nampa sifa kwa hilo.

Tsona alimpokea mtoto. Alikivuta kile kitambaa usoni kwake, akamtazama. Alimtazama paji la uso, pua, ule mkunjo wa hasira juu ya pua, kope zilizokuwa bado zimelowa maji ya kanisa. Alichukua muda mrefu hivi kwamba Nedelya alianza kujipakulia mwenyewe. Kisha akavuka chumba, mtoto mkono mmoja, akauinua mkono wa mzee wenye vumbi la mawe lisilotoka hata kwa sabuni ya sikukuu, akaubusu.

"Karibu mezani, baba Zapryan," alisema.

Mzee alikaa. Siku hiyo alijibu jina hilo mara nyingi, maana Nedelya alipenda kuwaita watu kwa majina yao. Baba Zapryan, chumvi. Baba Zapryan, mbona hunywi? Mwanzoni alichelewa kugeuka, na Mitra akawa anampiga teke chini ya meza. Nedelya aliendelea kuja kila msimu wa plamu, na kwa ajili yake nyumba nzima ikazoea, halafu mtaa, halafu hata mwimbaji. Mtoto yule ni babu yangu. Ana miaka tisini sasa, na anailalamikia supu kila siku.

Jioni ya Jumapili ile, wageni walipoondoka na Ilko akaenda kumsindikiza punda, Tsona alikuwa akiosha vyombo. Mzee alikisogelea kitanda cha kubembea. Aliinama. Alilisema jina la mtoto chini kwa chini, mara moja, akanyamaza, akalisema tena, kama mtu anayejaribu patasi mpya kwenye kipande cha jiwe kisicho na kazi.

Tsona hakugeuka.

"Sema kwa sauti, baba," alisema. "Hivyo hakusikii."

Mzee akachuchumaa, akaweka mikono yake magotini, akamwita.